Mchezaji Mmoja, Watazamaji Kumi: Michezo ya Video na Somo la Lugha Vyuoni Kolwezi

Enzi za kampuni za migodi, Union Minière na baadaye Gécamines, lugha za kazi Kolwezi zilikuwa na mipaka inayojulikana: Kifaransa ofisini, Kiswahili mgodini. Mhitimu mwenye viwili hivyo alikuwa amejitosheleza. Leo hajitoshelezi tena. Kampuni za migodi Kamoto Copper Company na Mutanda ziko chini ya Glencore, yenye makao yake Uswisi. Kamoa-Kakula, iliyoanza kuzalisha shaba mwaka 2021, ni ubia wa Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China. Tenke Fungurume ilitoka mikononi mwa Freeport-McMoRan ya Marekani mwaka 2016 ikaenda kwa CMOC ya China, na Sicomines ni tunda la mkataba wa mwaka 2008 kati ya serikali ya Kongo na kampuni za Kichina. Sheria za nchi zimeandikwa kwa Kifaransa, ripoti nyingi za makao makuu zinasomwa kwa Kiingereza, baadhi ya wasimamizi wanaongea Kichina, na mchimbaji anajibu kwa Kiswahili.

Juu ya hayo, mwaka 2022 Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya nne ya SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Kwa hiyo hata Kiswahili cha nyumbani kimeanza kudaiwa sura nyingine, ile inayoeleweka Dar es Salaam na Nairobi.

Mzigo huu wote unaviangukia vyuo vya mji: Chuo Kikuu cha Kolwezi (UNIKOL), kilichoanza kama tawi la Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na Taasisi ya Juu ya Ualimu (ISP), ambayo kazi yake ni kuandaa walimu. Mwanafunzi wa lugha hapo hakosi sarufi. Hununua syllabus ya mwalimu, huisoma, huikariri na kuijibia mtihani. Anachokosa ni muda wa kusema. Hesabu ni nyepesi. Chukua darasa la watu 200 na kipindi cha saa mbili. Hata mwalimu akinyamaza kabisa na kugawa muda wote kwa haki, kila mmoja atapata sekunde 36 za kuzungumza. Mwalimu naye hanyamazi.

Ndipo linapoingia swali la michezo ya video. Je, inaweza kumpa mwanachuo wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi, zile dakika za lugha ambazo ukumbi wa mihadhara haumpi? Wapo wanaoipigia debe kana kwamba ni dawa, na wapo wanaoiona upuuzi wa vijana wasiotaka kusoma. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 30 hauwapi ushindi hao wala hawa. Ukisomwa vizuri, unasema jambo la kushangaza kidogo: katika somo la lugha, anayeshika kidhibiti si lazima awe ndiye anayejifunza zaidi. Kwa mji wenye mashine chache na watu wengi, hiyo ni habari njema.

Historia ndefu kuliko inavyodhaniwa

Wazo lenyewe si la jana. Katika chuo cha MIT, Marekani, Gilberte Furstenberg na wenzake walitengeneza mchezo wa video wa kufundishia Kifaransa ulioitwa À la rencontre de Philippe, uliochapishwa na Yale mwaka 1993. Philippe ni mwandishi wa habari mjini Paris ambaye mpenzi wake amemfukuza nyumbani, na mwanafunzi anapaswa kumsaidia kupata chumba. Anasikiliza ujumbe wa simu, anasoma matangazo ya nyumba, anafuata ramani. Akikosea kuelewa, Philippe halali pazuri. Wanafunzi hawakutakiwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Walitakiwa kutatua shida ya mtu kwa lugha ya mtu huyo.

Miaka ya 2000 watafiti waliacha kutengeneza kila kitu wenyewe, wakaanza kutumia michezo iliyokuwa tayari sokoni. James Paul Gee aliandika kitabu mwaka 2003 akidai kwamba mchezo mzuri umepangwa kama ufundishaji mzuri: unampa mchezaji kazi iliyo juu kidogo ya uwezo wake, unamwonyesha kosa lake papo hapo, unamruhusu kujaribu tena bila aibu. Wataalamu wa lugha waliliona hilo likikubaliana na yaliyokwisha kusemwa na waliomtangulia. Stephen Krashen alikuwa ameshikilia kwamba mtu hujifunza lugha kwa kupokea maneno anayoyaelewa akiwa hana hofu. Merrill Swain aliongeza mwaka 1985 kwamba kupokea hakutoshi, lazima asukumwe kutoa. Michael Long alisisitiza majadiliano yenyewe, yaani pale watu wawili wanaposhindwa kuelewana na kurekebishana mpaka waelewane.

Hoja hizo tatu zinatupa kipimo. Mchezo unaofaa somo la lugha ni ule unaompa mwanafunzi lugha inayoeleweka, unaomlazimisha kuitumia, na unaomgonganisha na mwenzake hadi wajadiliane. Michezo mingi inayosifiwa hutimiza sharti la kwanza tu.

Utafiti unaonyesha nini

Ushahidi unaopendwa na watetezi unatoka Sweden. Pia Sundqvist na Liss Kerstin Sylvén walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa watoto wa miaka 11 na 12, wakaona kwamba waliocheza michezo ya Kiingereza saa tano au zaidi kwa wiki walikuwa na Kiingereza bora kuliko wasiocheza. Matokeo hayo yanavutia, lakini yana mipaka miwili. Kwanza, hayasemi kipi kimezaa kipi: huenda mwenye Kiingereza kizuri ndiye anayevumilia mchezo wa Kiingereza. Pili, mtoto wa Sweden anaishi na Kiingereza kwenye televisheni, kwenye muziki na kwenye intaneti isiyokatika. Mchezo unamkuta tayari ana msingi. Kijana wa mtaa wa Manika au Dilala hana mazingira hayo.

Utafiti wa vyuoni una mafunzo zaidi kwetu. Mwaka 2006 Megan Miller na Volker Hegelheimer wa Iowa State walitumia The Sims, mchezo wa kuendesha maisha ya familia ya kubuni, kuwafundisha Kiingereza wanafunzi wa kigeni. Walicheza mchezo uleule, lakini masharti yalitofautiana: mara nyingine walilazimika kufanya mazoezi ya msamiati yaliyoandaliwa na mwalimu, mara nyingine mazoezi yalikuwepo kwa hiari, mara nyingine hayakuwepo kabisa. Msamiati ulishika zaidi pale mazoezi yalipokuwa ya lazima. James Ranalli alirudia jaribio la namna hiyo mwaka 2008 na kuthibitisha umuhimu wa vifaa vya mwalimu. Mchezo peke yake ulifanya kidogo kuliko mchezo wenye karatasi pembeni.

Pigo kubwa kwa imani ya wengi lilitoka Japani mwaka 2010. Jonathan deHaan, Michael Reed na Katsuko Kuwada waliwachukua wanafunzi 80 wa chuo kikuu, wakawapanga wawili wawili. Mmoja alicheza mchezo wa muziki wa Kiingereza, mwenzake akawa anaangalia tu mchezo uleule kwenye skrini yake. Walipopimwa msamiati, watazamaji walikumbuka maneno mengi kuliko wachezaji, na tofauti haikuwa ndogo. Sababu waliyoitoa ni kwamba mchezaji alikuwa ameshughulika. Vidole, macho na mawazo yake vilikuwa kwenye kufuata mdundo, akabaki na nafasi ndogo ya kuyashughulikia maneno. Mtazamaji alikuwa huru kusikia. Walipopimwa tena baadaye, wote wawili walikuwa wamesahau mengi, jambo linaloonyesha kwamba bila marudio hata faida ya mtazamaji huyeyuka.

Utafiti huu hutumiwa kuwabeza wapenda michezo. Kwa maoni yangu, unapaswa kusomwa kwa namna nyingine. Unatuambia lugha iko wapi mchezo unapochezwa. Ni kama bao barazani: wawili wanasogeza kete kimya, na maneno yote, ubishi, ushauri na kejeli viko kwa waliowazunguka. Mwalimu anayeelewa hilo hatahangaika kutafuta mashine 40. Atahangaika kuwapa kazi ya kusema wale walioketi pembeni.

Chumba cha michezo na ukumbi wa chuo

Vijana wa Kolwezi wanaijua michezo ya video. Katika mitaa ya mji, kama ilivyo Lubumbashi na Likasi, kuna vyumba vyenye televisheni na PlayStation ambamo mtu hulipa kwa kila mechi ya mpira. Mchezo unaotawala ni wa soka. Wawili wanacheza, wengine wanasubiri zamu na kupiga kelele.

Ukiupima mchezo wa soka kwa vile vigezo vitatu, alama zake ni ndogo. Una sauti ya mtangazaji, mara nyingi kwa Kifaransa au Kiingereza, lakini mchezaji anaweza kushinda ligi nzima bila kuelewa neno moja. Vitufe ndivyo vinavyosema. Hata hivyo mwalimu mwerevu anaweza kuugeuza. Azime sauti ya televisheni, awape wanafunzi wawili kazi ya kutangaza mechi kwa Kiingereza, na wengine waandike makosa ya nyakati za vitenzi wanayoyasikia. Hapo mchezo wa bure umekuwa zoezi gumu la kuzungumza kwa kasi, na watazamaji ndio walioko darasani.

Kuna michezo inayofaa zaidi kwa asili yake. Chukua Keep Talking and Nobody Explodes, ulioundwa na Steel Crate Games ya Kanada mwaka 2015. Mtu mmoja tu ndiye anayeiona skrini, ambayo ina bomu lenye saa inayohesabu kurudi nyuma. Wenzake hawaruhusiwi kuangalia bomu. Wao wana kijitabu cha kurasa 23 kinachotolewa bure kwenye tovuti ya mchezo na kuchapwa kwenye karatasi. Mwenye bomu hajui namna ya kulitegua, wenye kijitabu hawajui bomu lina sura gani. Lazima waongee.

Fikiria ukurasa wa nyaya. Mwenye skrini anasema anaona waya tatu: bluu, nyeusi, nyeupe. Mwenye kijitabu anatafuta sehemu ya waya tatu, anauliza kama kuna mwekundu hata mmoja. Hakuna. Basi sheria inasema ukate wa pili. Kama ungekuwepo mwekundu, angeendelea kwenye sharti linalofuata: je, wa mwisho ni mweupe? Dakika moja ya mchezo huu ina sentensi za masharti nyingi kuliko sura nzima ya syllabus, na kila moja ina matokeo. Ukurasa mwingine umejaa maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti, kama their, there na they're, hivi kwamba mwenye kutamka ovyo analipua timu yake. Mwalimu hana haja ya kusahihisha. Bomu linasahihisha.

Kwa mwanafunzi wa polytechnique anayetarajia kufanya kazi kwenye mgodi, mfano huo hauko mbali na maisha. Mtu mmoja yuko mbele ya mashine, mwingine yuko mbali na mwongozo mkononi, kati yao kuna redio yenye mikwaruzo na lugha ambayo si ya mama kwa yeyote. Kampuni kubwa za migodi duniani zenyewe hufundisha madereva wa malori makubwa kwenye mitambo ya kuigiza, kwa kuwa kosa la skrini haliui mtu. Sekta yenyewe, basi, haioni aibu kucheza.

Mchezo wa pili wa kutazamwa ni Papers, Please wa Lucas Pope, wa mwaka 2013, ambao tangu 2022 unapatikana pia kwenye simu. Mchezaji ni ofisa wa mpaka katika nchi ya kubuni. Kila msafiri analeta pasipoti, kibali na maelezo, naye anapaswa kulinganisha jina na jina, tarehe na tarehe, sababu ya safari na kile kilichoandikwa. Hauna haraka ya vidole, una kusoma kwa makini. Mtu aliyewahi kuona foleni ya malori kwenye mpaka wa Kasumbalesa hahitaji kuelezwa. Skrini moja iliyorushwa ukutani yaweza kuhudumia kundi zima: mmoja anagonga mhuri, wengine wanatetea kwa Kiingereza au Kifaransa kwa nini msafiri apite au arudishwe.

Ni vizuri pia kutenga michezo hii na programu kama Duolingo, ambayo tangu 2017 ina hata kozi ya Kiswahili kwa wasemaji wa Kiingereza. Pointi na zawadi hazigeuzi zoezi kuwa mchezo. Zinamhimiza mtu kurudi kesho, na hilo lina faida yake, lakini programu hiyo haimgonganishi na mtu yeyote. Kwa mwenye shida ya sekunde 36, tafsiri za sentensi moja moja kwenye simu ni msaada wa pembeni.

Lugha ipi, na mchezo wa nani?

Kiingereza ndicho kinachopata faida ya haraka, kwa kuwa michezo mingi duniani imeandikwa kwa lugha hiyo na idara za kukifundisha zipo. Katika taasisi za ualimu za Kongo, idara hiyo huitwa Kiingereza na Utamaduni wa Kiafrika, na ingefaa sehemu ya pili ya jina lake ifanye kazi zaidi.

Kichina ni kigumu zaidi. Michezo ya China ni mingi na mizuri. Genshin Impact, kwa mfano, humruhusu mchezaji kusikiliza sauti za Kichina huku akisoma maandishi ya Kifaransa. Lakini mchezo huo unataka simu yenye nguvu, nafasi kubwa ya kumbukumbu na intaneti muda wote, na simu nyingi za mkononi mwa wanafunzi wetu ni Tecno na Itel za bei ya chini. Tena, kusikia si kusema, na toni za Kichina hazijifunzwi bila sikio la mtu wa kukurekebisha. Mahali ambapo Wachina wanaishi mtaa wa pili, chuo kingefanya vyema kutafuta watu kabla ya kutafuta mchezo.

Kifaransa kinasahaulika kwenye mijadala hii kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia, kana kwamba kila anayeingia chuoni amekwisha kukimudu. Wahadhiri wanajua sivyo. Papers, Please upo kwa Kifaransa, na Aurion: Legacy of the Kori-Odan, uliotolewa mwaka 2016 na Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, upo kwa Kifaransa na Kiingereza, ukiwa na hadithi iliyozaliwa katika fikra za Kiafrika. Mwanafunzi anaweza kucheza sura moja kwa Kifaransa na kuirudia kwa Kiingereza, akijua tayari kinachotokea.

Kiswahili ndicho chenye upungufu mkubwa. Ushahidi kwamba programu za mafunzo zenye sura ya mchezo zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili na zikafaa upo Tanzania: katika shindano la XPRIZE, watoto wa vijiji 170 mkoani Tanga walipewa vishikwambi, na mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion. Programu za washindani waliofika fainali ziliachwa huru kwa yeyote kuzitumia. Lakini hizo ni za kumfundisha mtoto kusoma. Kwa mtu mzima wa chuo hakuna kitu cha kulingana nazo, na kwa yule anayesema "batoto" nyumbani na kutakiwa kuandika "watoto" kazini, hakuna kabisa.

Jibu la hapo ni kutengeneza wenyewe, na si jambo la fedha nyingi. Mwaka 2009 Julie Sykes na Chris Holden walitengeneza Mentira kwa wanafunzi wa Kihispania wa Chuo Kikuu cha New Mexico. Ni hadithi ya mauaji ambayo uchunguzi wake unafanyika katika mtaa halisi wa Los Griegos mjini Albuquerque, wanafunzi wakitembea na simu mkononi kutoka nyumba hadi nyumba. Somo lake ni kwamba mchezo ukikaa mahali watu wanapopajua, lugha inapata mahali pa kushika. Mcheza kwao hutunzwa.

Chombo cha kuanzia kipo bure. Twine, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 na Chris Klimas, humwezesha mtu asiyejua kuandika programu kutunga hadithi yenye njia panda: msomaji anachagua, hadithi inageuka. Kazi ikiisha inakuwa faili moja jepesi linalofunguka kwenye simu yoyote yenye kivinjari, linalotumwa kwa Bluetooth bila kutumia mega hata moja.

Mada hazitafutwi mbali. Malori yanatoka bandari ya Dar es Salaam, yanapita Zambia na Kasumbalesa hadi migodi ya Lualaba kuchukua shaba. Wanafunzi waandike mchezo wa dereva Mtanzania na wakala wa forodha wa Kolwezi. Dereva anasema, "Nyaraka zangu zote zimekamilika, ndugu yangu." Wakala anajibu, "Karatasi moja haiko, baba." Anayecheza achague atakavyojibu: kwa heshima, kwa ukali, kwa kuuliza ni karatasi ipi. Kila njia ina mwisho wake. Hapo mwandishi atalazimika kuzijua lahaja zote mbili, na hatahitaji kuambiwa kwamba ya nyumbani ni mbaya. Wanafunzi wa historia nao wana Bunkeya, makao ya Msiri, aliyetoka Unyamwezi akajenga dola lililouza shaba na pembe na watumwa hadi alipouawa Desemba 1891. Mashauri ya barazani kwake, yenye wafanyabiashara wa Kiswahili upande mmoja na wajumbe wa Ulaya upande wa pili, ni mchezo unaosubiri mtungaji. Na anayetunga hujifunza lugha kuliko anayecheza, kwa sababu anaandika sentensi, anazisahihisha, na anaona rafiki yake akikwama pale alipoandika vibaya.

Vikwazo, vya kweli na vya kusingiziwa

Kikwazo kinachotajwa kwanza ni umeme. Ni kweli, na kina historia yake. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi, na njia ya umeme kutoka Inga, kama kilomita 1,700, ilikamilika mwaka 1982 ikiishia Kolwezi kwa ajili ya migodi hiyohiyo. Mtaa umezoea kungoja. Lakini kompyuta ndogo moja yenye betri inatosha kwa kipindi cha saa mbili, na nusu ya mchezo wa bomu iko kwenye karatasi, ambayo haikatiki umeme.

Kikwazo cha fedha kinakuzwa na mawazo ya maabara. Ukisema michezo ya video, mtawala wa chuo anafikiria chumba chenye kompyuta 40, kiyoyozi na mlinzi. Tumeona kwamba somo halihitaji hivyo. Linahitaji nakala moja halali ya mchezo. Nasema halali kwa makusudi: nakala za wizi zimezagaa, na taasisi inayofundisha walimu haina budi kuonyesha mfano.

Kikwazo cha jinsia ni kizito na huzungumzwa kidogo. Vyumba vya PlayStation ni vya wavulana. Hata katika utafiti wa Sweden, waliocheza zaidi walikuwa wavulana. Mwalimu akisema "tucheze" bila mpango, wanaojua vitufe watakamata mashine na wasichana watabaki nyuma. Ila mpango wenyewe ndio dawa: kama kazi yenye lugha nyingi ni ya mwenye kijitabu, basi zamu zigawanywe kwa lazima, na alama zitoke kwa kusema, zisitoke kwa kushinda.

Halafu kuna hofu ya wazazi na wahadhiri kwamba mchezo ni mlango wa uvivu, au wa kamari, ambayo imeenea mijini kupitia ubashiri wa mechi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, hasa kwa mwanafunzi anayelipiwa ada na mzazi anayechimba kwa mikono. Jibu lake ni ratiba. Mchezo wa darasani una saa ya kuanza, kazi ya kuandika baada yake, na mwalimu aliyepo. Ukikosa hivyo vitatu, wenye hofu wako sahihi.

Namna ya kuuingiza kwenye kozi

Mfumo wa LMD (Licence-Master-Doctorat), ulioenezwa katika vyuo vya Kongo kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, umefungua nafasi ambayo haijatumika vizuri. Mwaka mmoja una krediti 60, na saa za krediti hazihesabu muhadhara tu, zinahesabu pia kazi binafsi ya mwanafunzi. Kwenye vitendo, saa hizo mara nyingi hubaki kwenye karatasi. Hapo ndipo makundi ya watu kumi na mchezo mmoja yanaweza kupewa makao, bila kuongeza kipindi kwenye ratiba iliyojaa.

Kikao kimoja kiwe na hatua tatu. Kwanza, maandalizi: maneno 15 na miundo miwili ya sentensi ambayo mchezo utaidai. Pili, mchezo wenyewe kwa dakika 30, mmoja kwenye mashine, wanne au watano kwenye karatasi, waliosalia wakiandika walichosikia kikienda vibaya. Tatu, na hii ndiyo inayorukwa na wengi, mazungumzo ya baada ya mchezo: nini kilisemwa, kilieleweka vipi, kingesemwaje vizuri zaidi. Wiki inayofuata maneno yaleyale yarudi, kwa kuwa Japani imetuonya kuhusu kusahau.

Upimaji nao ubadilike. Ukimpa mwanafunzi muhula wa kuzungumza kisha ukampima kwa kujaza nafasi, umemwambia kwamba yote yale yalikuwa mzaha. Mtihani wa dakika tano kwa wawili wawili, mmoja na picha, mwingine na maelekezo, unapimika na hauhitaji umeme.

Wala chuo kisikubali jambo hili kwa imani. Kichukue makundi mawili ya mwaka wa kwanza, moja lifuate utaratibu wa kawaida, lingine liwe na kikao cha mchezo kila wiki, na wote wapimwe kuzungumza mwanzoni na mwishoni mwa muhula. Kazi hiyo inatosha kuwa tasnifu ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na matokeo yake yatakuwa ya Lualaba, hayataazimwa Iowa wala Japani. Kama kundi la mchezo halikuongeza kitu, liachwe.

Kwa sasa hukumu yangu ni hii: mchezo wa video haufundishi lugha, lakini unaweza kuwapa watu kumi sababu ya kuongea lugha ambayo wasingeiongea. Kolwezi ina watu hao kumi katika kila kona ya chuo. Anayetaka kuanza aanze na kompyuta iliyopo tayari ofisini, nakala moja iliyolipiwa, karatasi 23 zilizochapwa, na mwalimu aliyekubali kulipuka mara kadhaa kabla ya wanafunzi wake. Maombi ya fedha za maabara yangoje hadi hayo yawe yamefanyika muhula mmoja.